Benki ya mwenye mradi au sacco? Kisa cha nyumba mpya Kiamunyi

Nyumba ilikuwa imeshapatikana: bangalo ya vyumba vitatu vya kulala huko Kiamunyi, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldama Ravine, moja kati ya nyumba 24 zilizo ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja. Bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 6,800,000. Mume ni mwalimu wa sekondari, mke ni muuguzi wa kaunti. Walikuwa wamepanga mtaa wa Section 58 kwa kodi ya 22,000 kwa mwezi. Mishahara yao miwili ikishakatwa kila kinachokatwa, mkononi hubaki kama 128,000. Akiba yao yote ilikuwa 2,050,000.

Hiyo ilikuwa Februari 2024, mwezi ambao Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Waliokuwa na mikopo ya riba inayobadilika walikuwa wanapokea barua za kuongezewa malipo. Ukitaka msimu mbaya wa kwenda kukopa pesa za nyumba, ulikuwa huo.

Mimi niliingia kwa sababu niliwahi kukaa upande wa pili wa meza, kwenye dawati la mikopo ya nyumba, na watu wa kwetu hapa Nakuru huniletea makaratasi niwasomee kabla hawajatia sahihi. Majina ya watu na ya wakopeshaji nimeyaacha nje.

Walikuwa na barua tatu za ofa. Waliwahi pia kuulizia nyumba za serikali za Bondeni, lakini mama, yule muuguzi, alitaka kiwanja cha kuanika nguo na kupanda sukuma, na ghorofani hakuna hicho. Hoja hiyo sikuipinga.

Barua ya kwanza ilitoka kwa benki ambayo mwenye mradi mwenyewe, yaani aliyejenga nyumba hizo na kuziuza, aliwapeleka. Riba asilimia 12.9 kwa mwaka wa kwanza, mkopo hadi asilimia 90 ya bei, miaka 20. Juu yake mwenye mradi aliongeza vishawishi vyake: anayechukua mkopo kwa benki hiyo anapunguziwa 200,000 kwenye bei, na gharama za wakili analipiwa. Tulizipigia hizo gharama hesabu tukapata kama 120,000. Kwa hiyo zawadi nzima ilikuwa 320,000, na kijana wa mauzo alikuwa akimpigia simu mume kila jioni: "Mwalimu, hii ofa inafungwa Ijumaa. Zimebaki tisa tu."

Ya pili ilitoka kwa benki unakopita mshahara wa mke. Riba inayobadilika, asilimia 15.8 tangu siku ya kwanza, bila zawadi yoyote. Tuliiweka kando dakika ile ile.

Ya tatu ilikuwa ya sacco ya mume: asilimia 9.5, haipandi wala haishuki, miaka 20, ila mkopo hauzidi asilimia 80 ya thamani ya nyumba.

Mwalimu aliponiletea barua hizo alikuwa karibu ameamua. Alitaka ya kwanza. Alikuwa na sababu mbili, na zote zilikuwa za maana: ingemwingiza kwenye nyumba kabla ya shule kufunguliwa muhula wa pili, na ilimwachia akiba mkononi. Ya sacco aliiona kama kitu cha kucheleweshwa na vikao vya kamati.

Hiyo 9.5 inatoka wapi

Hili nalieleza kwa kifupi kwa sababu wengi hudhani sacco ina huruma. Mwaka 2018 ilianzishwa kampuni ya Kenya Mortgage Refinance, KMRC, na Benki Kuu ikaipa leseni mwaka 2020. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huchukua pesa za muda mrefu, zikiwemo za Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikazikopesha kwa benki na sacco zilizo ndani ya mpango kwa riba ya karibu asilimia 5, nao wakakukopesha wewe kwa riba isiyofika 10. Kuna kikomo cha mkopo. Mwaka 2022 kikomo cha nje ya Nairobi na kaunti jirani kilipandishwa kutoka milioni 3 hadi milioni 6, kwa hiyo mkopo wa nyumba ya Kiamunyi ulienea.

Usichanganye mkopo huu na ule mkopo wa kawaida wa sacco, wa mara tatu ya akiba zako na wadhamini watano wanaokukwepa njiani. Huo ni wa miaka michache na riba yake ni nyingine. Tena si kila sacco imo kwenye mpango wa KMRC, na hata iliyomo huenda imemaliza fungu lake mwaka huo. Mwalimu aliuliza kwa maandishi, akajibiwa kwa maandishi kwamba fungu lipo.

Hesabu ya zawadi

Tukakaa na kikokotoo. Kwa sacco, bei ni 6,800,000, wao watoe 1,360,000, mkopo uwe 5,440,000. Malipo ya kila mwezi kwa asilimia 9.5 kwa miaka 20 yanakuwa kama 50,700.

Kwa benki ya mwenye mradi, bei ikishapunguzwa ni 6,600,000. Wakitoa kiasi kile kile, mkopo unakuwa 5,240,000. Mwaka wa kwanza, kwa 12.9, ni kama 61,000 kwa mwezi. Mwaka wa pili je? Kwenye ukurasa wa kwanza wa barua 12.9 ilikuwa imeandikwa kwa herufi nzito. Ukurasa wa nne, kwenye aya ya masharti ya jumla, kulikuwa na sentensi inayosema kwamba baada ya miezi 12 mkopo utatozwa riba ya kawaida ya benki "kama itakavyokuwa", na kwamba benki inaweza kuibadilisha kwa hiari yake. Mwalimu alipiga simu tawini akauliza riba ya kawaida ni ngapi siku hiyo. Akaambiwa 16.5. Kwa kiwango hicho, deni lililobaki baada ya mwaka mmoja linatoza kama 74,500 kwa mwezi.

Shilingi 74,500 kati ya 128,000. Hapo mama, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza karo za vijana wawili zitatoka wapi. Hakujibiwa na mtu.

Sasa ile zawadi ya 320,000. Mwaka wa kwanza wangelipa benki zaidi ya sacco kwa takriban 10,300 kila mwezi, yaani kama 124,000. Kuanzia mwaka wa pili tofauti inaruka hadi karibu 23,800 kwa mwezi. Ukifuatisha hivyo, zawadi yote imemezwa kwenye mwezi wa 21. Baada ya hapo imebaki miaka 18 na zaidi ya kulipa tofauti bila zawadi. Riba ikikaa palepale muda wote, tofauti ya jumla inapita milioni 5.5. Najua riba haikai palepale, na nitalifikia hilo. Lakini mtu anayetaka kulinganisha lazima aanze na namba iliyo mezani, na iliyokuwa mezani ilikuwa 16.5.

Na ile ofa ya kukopeshwa asilimia 90, ambayo ndiyo iliyomfurahisha Mwalimu kwa sababu ya kubaki na akiba? Mkopo wa 5,940,000 kwa 16.5 unakaribia 85,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ya kilichopo mkononi. Akiba waliyookoa ingeisha kwa kuziba pengo hilo.

Neno moja kuhusu wakili wa bure. Wakili anayelipwa na mwenye mradi si lazima awe mwizi, na wengi wao ni watu safi. Ila siku hati itakapochelewa, au mkataba utakapokuwa na kipengele cha kumbana mnunuzi, ataandika barua kali kwa nani? Hiyo 120,000 ningeilipa mwenyewe hata kama ningechukua mkopo wa benki ile ile.

Kwa nini mwenye mradi anaipenda benki hiyo

Watu wengi wakisikia "benki yetu" hudhani kuna mtu anapata kamisheni, wakaishia hapo. Wakati mwingine ipo. Lakini kwenye mradi huu sababu ilikuwa kubwa kuliko kamisheni, na ndiyo iliyonifanya nimwambie Mwalimu asikatae wala asikubali mpaka tuione hati.

Tulifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Shamba lote la zile nyumba 24 lilikuwa bado hati moja, hati mama, na hati hiyo ilikuwa imewekwa rehani kwa benki ile ile iliyotoa ofa. Ndiyo iliyomkopesha mwenye mradi pesa za kujenga. Picha ikawa wazi. Kila mnunuzi anayekopa hapo, benki inahamisha pesa kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto: deni la mjenzi linapungua, deni la mwalimu mwenye mshahara wa serikali linazaliwa. Benki inabadilisha deni la wasiwasi kuwa deni la kutulia. Mwenye mradi naye anapunguza riba inayomla kila siku. Punguzo la 200,000 halikuwa hisani. Lilikuwa bei anayolipa ili atoke haraka kwenye riba yake mwenyewe.

Ndani yake kulikuwa na urahisi wa kweli, na sitaki kuuficha. Kwa kuwa benki tayari imeshika hati mama, inaweza kukupa mkopo na ukaingia kwenye nyumba kabla hati ya nyumba yako haijatoka. Mkopeshaji mwingine hawezi. Yeye anahitaji kitu cha kuweka rehani kwa jina lako, na kitu hicho hakipo bado. Ndiyo maana kwenye nyumba mpya swali la "nani ana riba nafuu" huja la pili. La kwanza ni: hati iko wapi, iko mikononi mwa nani, na imebakiza hatua gani? Mtu anayenunua nyumba iliyokwisha kuwa na hati yake anaweza kuruka swali hilo. Wa Kiamunyi hakuweza.

Kuna upande wa pili wa urahisi huo. Ukiingia kwa njia hiyo, unaanza kulipa deni la miaka 20 la nyumba ambayo kisheria bado ni kipande cha shamba la mtu mwingine, na mtu huyo ana deni lake juu ya shamba hilo hilo. Akiyumba, utajikuta kwenye mazungumzo ambayo hukualikwa.

Barua za mawakili

Sacco ilikuwa na sharti moja lisilopinda: haitoi shilingi mpaka hati ya nyumba hiyo iwe tayari kusajiliwa kwa majina ya mume na mke, na rehani ya sacco isajiliwe siku hiyo hiyo. Mwenye mradi naye alikuwa na lake: asilimia 30 sasa, zilizobaki ndani ya siku 90. Ukiyaweka masharti hayo mawili pamoja, mnunuzi anapasuka katikati. Siku 90 zinaisha, hati haijatoka, sacco haijalipa, mwenye mradi anatangaza kwamba umevunja mkataba na arbuni yako, yaani malipo ya kwanza, imepotea. Nimeona hilo likitokea, tena kwa watu waliosoma.

Wakili wa Mwalimu, waliyemtafuta wenyewe na kumlipa wenyewe, alibadilisha mambo matatu kwenye mkataba wa mauziano. Arbuni ikawa asilimia 10, kama ilivyo desturi ya mikataba ya mauziano Kenya. Pesa hizo hazikwenda kwa mwenye mradi. Zilikaa kwenye akaunti ya mawakili wa pande mbili, hazigusiki mpaka mauzo yakamilike. Na la tatu, ambalo ndilo lililogombaniwa wiki nzima: zile siku 90 zilianza kuhesabiwa tangu mnunuzi ajulishwe kwa maandishi kwamba hati ya nyumba yake imetoka, badala ya siku ya kutia sahihi. Kukawa na ukomo pia. Hati isipotoka kwa miezi 12, mnunuzi ana hiari ya kurudishiwa arbuni yake pamoja na faida yake.

Mwenye mradi aligoma. Alisema wengine wote wametia sahihi bila kelele. Wakili akamwandikia swali moja, na nashauri kila mnunuzi wa nyumba iliyo kwenye hati mama iliyowekwa rehani aliulize kwa maandishi: benki inadai kiasi gani kwa kila nyumba ili iiachilie kutoka kwenye rehani? Jibu likichelewa, shuku. Likija, lilinganishe na pesa zitakazotoka kwa mkopeshaji wako. Kama benki inataka zaidi ya hizo, mwenye mradi atalazimika kuongeza kutoka mfukoni kwake, na huenda mfuko wenyewe hauna kitu.

Jibu lilikuja: 4,200,000 kwa nyumba. Pesa za sacco zingetosha na kubaki. Hapo wakili wa sacco akapata cha kuandika. Barua yake kwa wakili wa benki ilisema, kwa maneno ya kawaida: tupeni hati ya nyumba hii, karatasi ya kuiachilia kutoka kwenye rehani yenu, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi na vibali vyote, nasi tunaahidi, kama mawakili, kuwalipa 4,200,000 ndani ya siku 14 baada ya rehani yetu kusajiliwa. Ahadi ya namna hiyo baina ya mawakili si maneno matupu. Wakili akiivunja anaweza kupelekwa mahakamani aitimize yeye binafsi. Benki iliikubali baada ya kuizungusha kidogo.

Ni mlolongo mrefu, sikatai. Ndio unaofanya maofisa wa mauzo waseme "sacco zinasumbua". Kinachosumbua ni hati mama iliyo rehani.

Mthamini aliyekataa 6,800,000

Benki ya mwenye mradi ilikuwa na ripoti ya uthamini tayari, moja kwa nyumba zote 24, na kila nyumba ndani yake ilikuwa na thamani ya 6,800,000 kamili. Bei na thamani zikilingana hadi shilingi ya mwisho, mimi hurudi kusoma tena.

Sacco ilituma mthamini wake. Alikuja asubuhi, akapima, akafungua bomba la jikoni, akauliza maji yanatoka wapi. Kisima cha mradi. Akaandika hilo. Sisi wa Bonde la Ufa tunajua maana yake: maji mengi ya visima vya huku yana floridi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watu wazima wa Nakuru yanatoa ushahidi bila kuulizwa. Akaandika pia kwamba barabara ya kutoka lami hadi getini ni ya maramu, na kwamba nyumba yenyewe, namba 17, iliyobaki baada ya zile za pembeni kuchukuliwa, inapakana na shimo la majitaka la mtaa mzima. Thamani aliyoweka: 6,200,000.

Simu ya Mwalimu usiku huo ilikuwa ya huzuni. Asilimia 80 ya 6,200,000 ni 4,960,000, yaani mkopo ulipungua kwa 480,000. Aliona mlango umefungwa. Mimi niliona ameletewa kifaa cha kujadiliana ambacho hangeweza kukinunua popote. Bei ya nyumba mpya huwekwa na anayeiuza. Hakuna jirani aliyewahi kuuza ya kwake ili upate cha kulinganisha. Ripoti ya mthamini asiyelipwa na muuzaji ndiyo sauti pekee ya nje unayoipata kabla ya kununua. Ukichukua mkopo kwa benki ya mradi, sauti hiyo huisikii.

Walikwenda wote wawili ofisini kwa mwenye mradi na ripoti mkononi. Mama ndiye aliyezungumza. Alimwambia, "Mzee, sisi nyumba tunaitaka. Lakini sacco imesema milioni sita na laki mbili, na sisi pesa za kuzidisha hatuna. Wewe tuambie utatusaidiaje." Mzee alilalamika kuhusu bei ya saruji na ya chuma, akalalamika kuhusu wathamini wa siku hizi, mwishowe akashuka hadi 6,500,000. Bila masharti ya benki yoyote. Kumbuka kwamba punguzo la "ofa" lilikuwa 200,000. Hili lilikuwa 300,000.

Hesabu ya mwisho ikawa hivi. Mkopo 4,960,000. Wao watoe 1,540,000. Ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 na mashambani 2, walipangiwa wa mjini: 260,000. Mawakili wa kazi zote mbili, ya ununuzi na ya rehani, pamoja na mthamini na ushuru wa asilimia 0.1 wa kusajili rehani, vikala karibu 200,000. Akiba ya 2,050,000 ilibakiwa na shilingi elfu hamsini. Ni nyembamba mno, na kama mmoja wao angeugua mwezi huo, kisa hiki kingekuwa kingine. Malipo ya kila mwezi yakawa kama 46,200.

Miezi kumi ya kungoja

Mkataba ulitiwa sahihi mwisho wa Aprili 2024. Mwenye mradi aliahidi hati kufikia Julai. Zilitoka Januari 2025. Rehani ya sacco ilisajiliwa Februari, na familia ikahamia Machi.

Kuanzia Mei hadi Februari walilipa kodi Section 58 miezi kumi: 220,000. Ndugu wa Mwalimu walimcheka, kwamba anatupa pesa kwa mwenye nyumba wakati wenzake wameshaingia kwao. Kicheko hicho hakina hesabu. Kwa mkopo wa benki ya mradi, mwezi wa kwanza wangelipa 61,000, na kati ya hizo zaidi ya 56,000 ni riba tupu. Kinachopunguza deni ni chini ya 5,000. Kwa maneno mengine, wangekodisha pesa kwa 56,000 ili waache kukodisha nyumba kwa 22,000. Kungoja hakukuwagharimu pesa kabisa.

Kuliwagharimu mambo mengine. Kijana wao mkubwa alibadilisha shule katikati ya mwaka kwa kuamini ahadi ya Julai, akawa anapanda matatu mbili asubuhi. Nyumba ya pembeni waliyoipenda ilienda kwa mtu wa ofa. Na miezi ya mwisho, Novemba na Desemba, mama alikuwa amekata tamaa kabisa, akitaka watumie kile kipengele cha kudai arbuni. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba kipengele kipo na atakitumia akitaka.

Aliyechukua ofa

Jirani yao wa namba 16 aliingia Mei 2024 kwa mkopo wa benki ya mradi. Nimeongea naye, na si mjinga hata kidogo. Mke wake alikuwa karibu kujifungua, hakuwa na sacco iliyo kwenye mpango, na nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa inauzwa. Kwa hali yake pengine ningemshauri vivyo hivyo, isipokuwa wakili na mthamini angetafuta wake.

Mei 2025 riba yake ya mwaka wa kwanza iliisha. Bahati ilikuwa upande wake kiasi. Benki Kuu ilikuwa imeanza kushusha riba ya msingi Agosti 2024, na kufikia Aprili 2025 ilikuwa imefika asilimia 10. Lakini riba ya msingi kushuka na riba yako kushuka ni mambo mawili. Gavana wa Benki Kuu mwenyewe alizishinikiza benki hadharani kwa kuchelewa kuwashushia wateja. Jirani alihamishwa kutoka 12.9 kwenda 15.6. Iko chini ya 16.5 tuliyopigia hesabu, na bado iko mbali na 9.5. Ile barua ya kumjulisha ilimfikia baada ya makato mapya kuanza. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 84, inataka taarifa ya maandishi ya siku 30 kabla ya riba ya mkopo wenye rehani kubadilishwa. Aliandika kulalamika, akarudishiwa tofauti ya mwezi mmoja.

Tangu Desemba 2025 mikopo mipya ya riba inayobadilika hupimwa kwa kiwango cha pamoja kinachoitwa KESONIA, kisha benki inaongeza fungu lake juu. Anayekwenda kuuliza mkopo leo aulize hilo fungu la juu, maana kile cha chini ni kimoja kwa wote na hakikupi cha kuchagua.

Mwalimu ana nafuu nyingine anayoifuatilia. Anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa kuondoa sehemu ya riba hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi: ilikuwa hadi 25,000 kwa mwezi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni hadi 30,000. Kwa mshahara wake, uliomo kwenye daraja la asilimia 30, ni kama 9,000 kwa mwezi zinazorudi. Nafuu hiyo inategemea mkopeshaji awe miongoni mwa taasisi zilizoorodheshwa kwenye sheria ya kodi ya mapato, kwa hiyo inaulizwa kabla ya kutia sahihi, kwa mkopeshaji na kwa Mamlaka ya Mapato. Wao waliuliza wakiwa wameshahamia, na faili bado liko mezani kwa mtu.

Jirani wa namba 16 sasa anafikiria kuhamisha mkopo wake. Tulipiga hesabu ya kuutoa benki: kuondoa rehani ya zamani, kusajili mpya, mthamini mpya, mawakili tena, na ada ya kulipa mapema ambayo kwake ni asilimia 2 ya deni kwa miaka mitatu ya kwanza. Anaisubiri Mei 2027, ada hiyo iishe. Wakati huo huo amejiunga na sacco, anaweka akiba ya kila mwezi, na hati ya nyumba yake, iliyotoka siku moja na ya Mwalimu, iko kwenye kabati la benki kwa jina lake.